Koleji ni chuo gani hasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoomba kusoma nje

Kila msimu wa kuomba vyuo maswali ni yale yale, kwa simu, kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine yanaingia usiku wa manane mzazi ana barua ya kukubaliwa mkononi na hajui mtoto kapata chuo au kapata shule. Nimeyakusanya hapa yote kwasababu hili jambo linaniuma, neno koleji linabadilika maana kila ukivuka mpaka na anayelipia kutojua ni familia, wakati mwingine familia iliyouza kiwanja. Nenda kwenye swali linalokuhusu, ila la kwanza lisome hata kama una haraka.

Kwa kifupi, koleji ni chuo kikuu, chuo cha kati au sekondari?

Inaweza kuwa chochote kati ya hivyo, inategemea ipo nchi gani, na hata ndani ya nchi moja inaweza kuwa vyote vitatu kwa pamoja. Kwahiyo usihangaike na jina la kwenye geti. Uliza hivi: mtoto akimaliza anatoka na cheti cha ngazi gani? Juu ya hicho cheti litaandikwa jina la nani? Na huyo anayekitoa anatambuliwa na mamlaka gani nchini kwake? Ukishapata majibu ya hayo matatu kwa maandishi, jina waite wanavyotaka, koleji, institute, academy, school, haikusumbui tena.

Mbona hapa Tanzania ukisema uko college watu wanajua ni diploma tu?

Ndio mazoea ya mtaani. Mtu akimaliza kidato cha nne akaenda kusoma cheti au diploma ya afya, ualimu, uhasibu, tunasema kaenda chuo, cha kati, na yule wa digrii tunasema yuko chuo kikuu. Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, vyuo vikuu viko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, na ngazi za NACTVET zinaanzia NTA 4 ambayo ni cheti cha msingi, 5 cheti, 6 diploma, 7 diploma ya juu, halafu 8 ni digrii yenyewe. Hapo kwenye 8 ndipo watu wengi wanapotezwa. CBE (College of Business Education) pale mjini ina neno College kwenye jina tangu 1965 na inatoa digrii mpaka masta, IFM ni institute na inatoa digrii pia, na digrii yao sio ndogo kwasababu jina halina neno university. Nimesikia vijana wanaona aibu kusema wamesoma CBE eti ni college, jamani acheni, NTA 8 ni digrii.

Halafu kuna koleji zilizo ndani ya chuo kikuu. DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Mkwawa, Iringa, ni vyuo vikuu vishiriki vya UDSM, vimeanza 2005, Chang'ombe kilikuwa chuo cha ualimu na Mkwawa ilikuwa sekondari, na anayehitimu hapo digrii yake ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na pale Mlimani kwenyewe kuna zile zinazoitwa ndaki, mfano Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, kwa Kiingereza ni college vilevile, lakini hizo ni mgawanyo wa ndani tu, idara kadhaa zimewekwa chini ya rasi mmoja, yaani mkuu wa ndaki. Hamna mtu anayepewa digrii ya ndaki.

UDSM yenyewe ilianza ikiwa koleji. Oktoba 1961 ilifunguliwa kama University College mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU, chini ya Chuo Kikuu cha London, 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Waliosoma kabla ya hapo vyeti vyao vina majina mengine kabisa, kwahiyo ukikuta cheti cha babu kimeandikwa London na yeye anasema alisoma Dar, usimuone muongo.

Hata sekondari zetu za zamani zilikuwa koleji. Mwalimu Nyerere alifundisha St. Francis' College pale Pugu kabla hajaacha ualimu 1955 aingie siasa moja kwa moja, na ile ilikuwa sekondari ya wavulana, ndio Pugu Sekondari tunayoijua.

Na Zanzibar? Mbona mtoto wa miaka sita anaambiwa yuko chuoni?

Kwa watu wa visiwani na mwambao wote mpaka Mombasa na Lamu, chuo ni pale mtoto anaposoma Qur'ani. Asubuhi skuli, jioni chuoni, na mwalimu wa chuo anaheshimika kuliko mwalimu mwingine yeyote. Maana hii ni ya zamani kuliko vyuo vikuu vyote vya Afrika Mashariki, sisi wa bara ndio tumelichukua neno tukalipeleka kwingine. Kwahiyo bibi wa Makunduchi akikwambia mjukuu wake kahitimu chuo, usianze kumuuliza kozi, muulize kahitimu juzuu ngapi.

Jingine la Zanzibar ambalo wageni wanateleza: Chuo cha Mafunzo ni idara ya serikali inayoshughulika na wafungwa, yaani kile bara tunachokiita Magereza. Ukisikia mtu kapelekwa Chuo cha Mafunzo, sio veta hiyo.

Mimi ni Mkenya. Kwetu campus ni campus na college ni college, sasa nikienda Marekani nisemeje?

Kenya mmetenganisha vizuri kwa mazungumzo, mwenye C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuendelea anaitwa na KUCCPS, ofisi ya serikali inayopanga nafasi za vyuo, kwenda kampasi kusoma digrii, wengine wanaenda koleji, ndio KMTC za udaktari na uuguzi, TTC za ualimu, politekniki na TVET zingine za ufundi. Ukifika Marekani mgawanyo huo unakufa. Ukimwambia Mmarekani umemaliza koleji yeye anaelewa una digrii, na ukiwa una diploma ya KMTC akaelewa hivyo na akaandika hivyo kwenye rekodi zake, siku wakiomba vyeti unaonekana umedanganya wakati wewe ulisema ukweli wa kwenu. Taja ngazi: nina diploma ya miaka mitatu ya uuguzi. Jina la chuo liache kama lilivyo, usilitafsiri.

Na kumbukeni hata Nairobi ilipita njia hiyohiyo, Royal Technical College, halafu Royal College, halafu University College Nairobi 1964, halafu chuo kikuu 1970. Kenyatta nayo ilikuwa University College mpaka 1985.

King's College Budo ya Uganda ni chuo? Wanangu wameniambia ni shule.

Ni sekondari, moja ya zile kongwe, ya 1906. Namilyango College ya 1902 nayo sekondari. Makerere College School ni sekondari na iko palepale kwenye kilima cha Makerere, halafu Chuo Kikuu cha Makerere chenyewe tangu 2011 kimegawanywa kwenye koleji, za uhandisi, za afya, na kadhalika. Kwahiyo mtu wa Kampala anaweza kuwa amesoma koleji mara mbili, O level na digrii, na zote ziko sahihi kwenye CV ila lazima aandike miaka na ngazi.

Marekani koleji na yunivasiti kuna tofauti gani?

Kwenye mazungumzo hamna. Wao wanasema mtoto anaenda koleji hata kama anaenda chuo kikuu kikubwa namna gani, na wanaweza kusema pia anaenda school, mtu wa miaka ishirini na tano anakwambia yuko skuli na maana yake anasoma masta.

Kwenye muundo ndio kuna tofauti, na hata hapo sio sheria ngumu. Kawaida koleji inashughulika na digrii ya kwanza tu, madarasa madogo, wahadhiri wako karibu na wanafunzi, mfano Amherst, Williams, Swarthmore, hizi zinaitwa koleji za liberal arts, yaani elimu pana ya sanaa na sayansi, na kuingia humo ni vigumu sana, zingine zinakataa waombaji wengi kuliko vyuo vikuu vyenye majina unayoyajua. Nasema hivi kwasababu kuna wazazi huku wanamkatisha tamaa mtoto aliyepata skolashipu ya koleji kama hizo, wanamwambia subiri upate chuo kikuu. Usifanye hivyo mzazi, tafadhali. Digrii ni ileile bachelor, ya miaka minne, krediti (alama za uzito wa masomo) kama 120.

Yunivasiti ina digrii ya kwanza pamoja na masta na udaktari wa falsafa, na ndani yake inaweza kuwa na koleji. Harvard College ndio sehemu ya Harvard inayofundisha digrii ya kwanza, na ndio iliyoanza 1636, hayo mengine ya sheria na udaktari yakaja baadaye. Obama alianza Occidental College kule Los Angeles, akahamia Columbia akamaliza 1983, na pale Columbia alikuwa kwenye Columbia College, yaani kitengo cha digrii ya kwanza.

Jambo lingine la Marekani, udaktari na sheria huwezi kuingia ukitoka kidato cha sita. Unasoma digrii ya kwanza kwanza, ndio unaomba shule ya udaktari miaka minne mingine. Ukiambiwa na ajenti kwamba kijana wako kapata "pre-med" ujue hajapata udaktari, kapata digrii ya kwanza na anajiandaa kuomba udaktari, na wanafunzi wa kigeni wanaopata nafasi hizo ni wachache.

Mbona Boston College na Dartmouth College wanatoa PhD na bado wanajiita koleji?

Historia na mapenzi ya jina lao. Hawajabadilisha na hamna anayewalazimisha. William & Mary ya 1693 nayo jina lake kamili ni College na inatoa mpaka udaktari wa falsafa.

Nimepata community college Marekani. Ni chuo cha watu walioshindwa?

Hapana, na hii dharau inatuharibia watoto. Community college ni chuo cha umma cha miaka miwili, ada yake ni ndogo ukilinganisha na chuo kikuu, unatoka na digrii inayoitwa associate, krediti kama 60, au cheti cha ufundi. California peke yake vipo 116. Njia ambayo Wamarekani wengi wenyewe wanaitumia ni kusoma miaka miwili hapo halafu unahamia chuo kikuu mwaka wa tatu, na ukihitimu digrii yako ni ya chuo kikuu hicho.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Kuhama sio kwamba unapelekwa tu, inabidi masomo uliyochukua yawe yanakubalika kule unakoenda, na kila chuo kina makubaliano yake. Usichague masomo kwasababu ni mepesi au kwasababu rafiki yako kayachukua, kaa na mshauri wa kuhama muhula wa kwanza kabisa, mwambie unataka chuo kipi na kozi ipi. Kwa California kuna mfumo wa mtandaoni unaitwa ASSIST unaoonyesha somo gani linahamia wapi. Kuna vijana wana krediti nyingi na chuo kikuu kimepokea nusu, ada ya mwaka mzima imepotea hivyo.

Halafu jua hili kabla hujaondoka nyumbani: ukiishia kwenye associate ukarudi Tanzania, hiyo sio bachelor. Usiache mtu akuambie ni digrii kwasababu neno degree limo ndani. Huku italinganishwa na ngazi iliyo chini ya digrii ya kwanza.

Mwanangu ana miaka 16, dada yangu aliyeko London anasema kapatiwa koleji. Hajamaliza hata kidato cha sita, imekuwaje?

Imekuwa sawa kabisa, maana Uingereza koleji kwa mtu wa kawaida ni mahali pa kwenda ukimaliza GCSE, mitihani kama ya kidato cha nne chetu, ukiwa na miaka 16. Kuna sixth form college, hapo anasoma A level miaka miwili, ni kidato cha tano na sita chetu. Kuna further education college, hapo anaweza kusoma A level, ufundi, au hata mtu mzima wa miaka hamsini anayejifunza Kiingereza au umeme yumo humo humo. Chuo kikuu wao wanakiita uni. Kijana wa Kiingereza ukimwambia uko koleji anajua hujafika uni bado.

Ila sasa majina yanachanganya kwelikweli. Eton College, ya 1440, ni sekondari ya bweni ya wavulana wa miaka 13 mpaka 18. Imperial College London ni chuo kikuu kamili, kilijitoa Chuo Kikuu cha London 2007. King's College London na University College London navyo ni vyuo vikuu. Ukishuka barabara hiyohiyo unaweza kukuta ghorofa ya pili juu ya duka pameandikwa College ya biashara na hapo wanafundisha kozi fupi tu. Neno university Uingereza linalindwa na sheria, huwezi kujipachika, na digrii inatolewa na waliopewa mamlaka hiyo tu, hao wanaitwa recognised bodies na orodha yao iko kwenye websaiti ya serikali. Neno college halina ulinzi wa namna hiyo. Kwa viza pia kuna orodha ya taasisi zenye leseni ya kudhamini wanafunzi, na leseni huwa zinafutwa, kwahiyo angalia wiki unayolipa, sio orodha aliyokutumia ajenti mwaka jana.

Oxford nimeambiwa niombe koleji. Sasa ninaomba Oxford au koleji?

Unaomba vyote kwa pamoja. Oxford zipo koleji zaidi ya 30 na Cambridge zipo 31, kila moja ina majengo yake, bwalo lake, maktaba yake, na ndiko unakoishi na kufundishwa kwenye vikundi vidogo. Mihadhara, mitihani na digrii ni vya chuo kikuu. Usipochagua koleji unaweza kuomba bila kuchagua na watakupangia. Usipoteze usingizi kwa kuchagua ipi ina jina, cheti ni kimoja.

Ukipata Scotland kuna jingine, vyuo vikuu vyao vya zamani digrii ya kwanza ya sanaa inaitwa Master of Arts. Mwalimu alitoka Makerere na diploma ya ualimu, akaenda Edinburgh akapata MA 1952, na ile ndio ilikuwa digrii yake ya kwanza.

Daktari wetu ameandika ni fellow wa College of Surgeons. Hiyo koleji iko wapi nikasome?

Hiyo ni jumuiya ya kitaaluma. Royal College of Physicians ya London ni ya 1518 na kazi yake ni kusimamia viwango vya madaktari. Ya kwetu inaitwa COSECSA, ofisi zake ziko Arusha, inafundisha madaktari wapasuaji wakiwa kazini kwenye hospitali mbalimbali za ukanda huu, halafu wanafanya mtihani. Majengo ya lecha hamna. Lazima uwe daktari kwanza.

Canada nimepata koleji, ajenti anasema ni sawa na chuo kikuu.

Sio sawa, na hapa ndipo naomba usome taratibu kwasababu pesa nyingi za watu wetu zinapotelea huku. Canada koleji na yunivasiti ni vitu viwili, tofauti na jirani yao Marekani. Koleji inatoa vyeti na diploma za kazi, mwaka mmoja mpaka mitatu, mafunzo yake ni ya vitendo na wengi wanapata kazi nzuri, sina ubaya nazo. Chache zinatoa digrii kwenye fani fulani. Ontario zipo koleji za umma 24. Ila ukitaka digrii, hakikisha barua inasema digrii.

Kuna mtego wa watu wenye digrii tayari. Koleji zinatoa kozi ya mwaka mmoja inaitwa graduate certificate au postgraduate certificate, unaingia ukiwa na digrii, na mtu akisikia post-graduate anajua ni masta. Sio masta. Ni cheti cha juu cha kitaaluma. Ukitaka kurudi kufundisha chuo kikuu nyumbani haitakusaidia kama masta, na kama ndio lengo lako bora utafute yunivasiti hata kwa kuchelewa mwaka.

Halafu kibali. Kuwa kwenye orodha ya DLI maana yake taasisi inaruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, basi, haina maana ukimaliza utapata kibali cha kufanya kazi. Serikali ya Canada iliweka ukomo wa vibali vya masomo Januari 2024, mwaka huohuo ikafunga kibali cha kazi kwa kozi za koleji binafsi zilizokuwa zinafundisha mtaala wa koleji za umma, na kuanzia Novemba 2024 waombaji wapya wanaosoma kozi za koleji zisizo za digrii wanatakiwa fani yao iwe kwenye orodha ya fani zinazohitajika. Sheria hizi zinaguswa mara kwa mara. Muulize ajenti: kozi hii, sio chuo hiki, kozi hii inanipa kibali cha kazi? Nionyeshe kwenye websaiti ya serikali. Akikasirika, ondoka.

Na Québec, CEGEP ni nini?

Ni koleji ya katikati. Kule sekondari inaisha darasa la 11, halafu CEGEP miaka miwili kwa anayeenda chuo kikuu au mitatu kwa anayesoma ufundi. Mfumo umeanza 1967. Kwa mtu wa kidato cha sita, vyuo vikuu vya kule vina utaratibu wake, waandikie wenyewe uulize kama unaingia mwaka wa kwanza au wa maandalizi.

Mimi natoka Bukavu, nimesoma Collège Alfajiri, sasa naomba chuo Dar wananiuliza cheti cha koleji ni ngazi gani.

Pole ndugu, hili swali mnateseka nalo sana watu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa mfumo wa Kifaransa na Kibelgiji collège ni sekondari. Ufaransa kwenyewe collège ni miaka minne ya mwanzo ya sekondari, mtoto anaingia na miaka 11 anatoka na 15, kisha anaenda lycée mpaka baccalauréat. Kwenu Kongo jina la collège linabebwa na sekondari nyingi hasa za mapadri, Alfajiri Bukavu, Boboto Kinshasa, na Kigali ipo Collège Saint André, zote ni sekondari. Institut nayo kwenu inaweza kuwa sekondari, na ikiwa na neno supérieur ndio inakuwa elimu ya juu, kama ISP na ISDR za Bukavu.

Cheti chako kinaitwa Diplôme d'État, unakipata kwa kufaulu examen d'État, mtihani wa taifa. Ofisa wa Dar akisoma neno diplôme anaweza kudhani una stashahada, au akisoma collège akadhani una chuo cha kati, na vyote viwili sio. Ni cheti cha kumaliza sekondari. Kwahiyo peleka NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, wao ndio wanalinganisha vyeti vya sekondari vya nje, wakupe barua ya ulinganifu, ukiwa nayo hiyo husumbuki tena kuelezea. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayetambulika na aache majina ya Kifaransa yalivyo, asigeuze diplôme kuwa diploma.

Vivyo hivyo baccalauréat ya Ufaransa sio bachelor, ni ya kumaliza sekondari. Na graduat ya Kongo ya miaka mitatu ya mfumo wa zamani, ile mnayoita G3, ni elimu ya juu lakini ilifuatiwa na licence ya miaka miwili, sasa mnaingia LMD, mfumo mpya wa licence, master na doctorat, ambapo licence ni miaka mitatu. Watu wawili wenye licence wanaweza kuwa na miaka tofauti ya kusoma. Ambatanisha relevé, yaani karatasi za matokeo, za miaka yote, usipeleke cheti peke yake.

Ujerumani wameniandikia Studienkolleg na kuna nyingine Hochschule. Hochschule si ni high school?

Hapana, Hochschule ni elimu ya juu, inatoa digrii. Studienkolleg ndio ya maandalizi, kawaida mihula miwili, kwa mtu ambaye cheti chake cha sekondari hakimpi ruhusa ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, unamaliza na mtihani. Ukipelekwa huko hujashushwa, unaandaliwa. Cheti chako kinaangukia wapi unaangalia kwenye anabin, kumbukumbu ya mtandaoni ya Wajerumani ya vyeti vya nje.

Uturuki, India, Afrika Kusini, Oman je?

Uturuki kolej ni sekondari ya kulipia, Robert College ya Istanbul ya 1863 leo ni sekondari. Mkipata ile skolashipu ya serikali yao mnaenda üniversite, sio kolej.

India unasoma koleji, digrii inatolewa na chuo kikuu ambacho koleji hiyo imeshikamana nacho. Kwahiyo usiridhike na jina la koleji, uliza ni ya chuo kikuu gani, na hicho chuo kikiangalie kwa UGC, tume ya vyuo vikuu ya India, ambao wanatoa pia orodha ya vyuo vikuu feki, isome. Na junior college kwa Maharashtra ni darasa la 11 na 12, sekondari hiyo.

Afrika Kusini koleji za umma za TVET ni 50, za ufundi, na papo hapo shule za sekondari za gharama kama Hilton College zinaitwa koleji.

Oman ndugu zetu wanasema kulliya, na neno hilo kwa Kiarabu linabeba kitivo ndani ya chuo kikuu pia taasisi inayojitegemea. Zile koleji za teknolojia na za sayansi tumizi ziliunganishwa 2020 zikawa chuo kikuu kimoja, UTAS. Cheti cha kabla ya hapo kina jina la zamani na bado ni halali.

Na Moshi na Arusha hapa tuna UWC East Africa. United World College ni mtandao wa shule, mtoto anasoma mpaka diploma ya IB (International Baccalaureate) ambayo ni ya kuingilia chuo kikuu. Tena neno diploma hilo.

Nikirudi na cheti, nani anakitambua Tanzania?

Sekondari NECTA. Vyeti na diploma NACTVET. Digrii TCU. Usisubiri urudi, waulize kabla hujaondoka, ukiwa na jina kamili la chuo, kozi na ngazi. Hii inachukua siku chache na inaokoa miaka.

Fomu ya kazi ya Marekani ina kipengele cha "some college". Nina diploma ya Tanzania, niweke tiki wapi?

Some college kwao ni mtu aliyeanza masomo ya juu hakumaliza. Wewe umemaliza, kwahiyo hapo sio pako kirahisi hivyo. Kama kuna nafasi ya kuandika, andika diploma ya miaka mitatu, jina la chuo, nchi. Kama ni tiki tu, angalia kama wana associate au cheti cha ufundi, ila usijipe associate wewe mwenyewe bila barua ya tathmini, zipo kampuni za kutathmini vyeti za kule na mwajiri atakwambia anakubali ya ipi. Mpaka uipate hiyo barua, weka high school kwenye tiki na ueleze diploma yako kwenye CV.